Beringi za Schweinfurt na ndege 60 ambazo hazikurudi

Beringi ni kile kipete cha chuma chenye gololi ndani, kinachoshika shafti izunguke kwa wepesi. Ya namba 6205 ina gololi 9. Tundu la katikati ni milimita 25, upana wa nje 52, unene 15. Nimeshazing'oa na kuzifunga nyingi mno, kwenye mota za pampu na mashine za kusaga unga. Zamani niko kwenye mashamba ya mkonge huku Tanga nilizifunga kubwa zaidi ya hizo. Kule korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ikiua beringi, matela ya majani yanapanga foleni nje na meneja anakuja kusimama nyuma yako bila kusema neno. Kifaa chenyewe kinaingia mfuko wa shati. Kikifa, mtambo wa mamilioni umelala.

Kwa hiyo niliposoma kwamba katika Vita Kuu ya Pili Wamarekani walituma mamia ya ndege nzito za mabomu kwenda kuupiga mji mmoja wa Ujerumani kwa ajili ya beringi tu, sikushangaa. Nilisema hawa jamaa wana akili. Nilichoshangaa ni matokeo. Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za mji huo usiku, simu mkononi, mpaka mama watoto ananiuliza kama nimepata ndugu Ujerumani.

Mji unaitwa Schweinfurt, uko Bavaria kando ya mto Main. Jina lake nilianza kulijua kwa sababu ya makasha ya beringi, maana FAG, kampuni ya beringi, ilizaliwa pale. Karne ya 19 aliishi hapo mtengeneza vinanda vya kanisani, Philipp Moritz Fischer, ambaye anatajwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kufunga pedeli kwenye baiskeli. Mwanawe Friedrich ndiye aliyetengeneza, mwaka 1883, mashine ya kusaga gololi za chuma zikatoka duara kamili, zote kipimo kimoja. Anayezijua beringi anajua kwamba siri yote iko hapo. Gololi moja ikizidi wenzake hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, inabeba mzigo peke yake, na ndiyo itakayopasuka kwanza. Bila mashine ile ya Fischer, beringi ingebaki kitu cha kutengenezwa moja moja kwa mkono na kuuzwa kwa matajiri.

Kampuni nyingine zikafuata. Fichtel & Sachs ilianzishwa mwaka 1895. SKF ya Waswidi nayo ikawa na viwanda vyake pale kupitia kampuni iliyoitwa VKF. Vita ilipopamba moto, karibu nusu ya beringi za Ujerumani nzima zilikuwa zinatoka katika mji huo mmoja, tena viwanda vyenyewe vimebanana jirani na reli. Kila kifaru, kila injini ya ndege, kila mzinga unaozunguka ulihitaji vitu vya namna hiyo.

Waliouona huo mbanano hawakuwa wanajeshi peke yao. Kuanzia mwaka 1942 kulikuwa na kundi la wachumi wa Kimarekani London, chini ya ubalozi wao, kazi yao ikiwa kukaa na karatasi na kujiuliza: kati ya viwanda vyote vya Ujerumani, kipi ukikivunja na vingine vinasimama? Vijana kama Charles Kindleberger na Walt Rostow, ambao baadaye walikuwa maprofesa wenye majina makubwa, walifanya kazi hiyo. Washington nako kulikuwa na kamati ya namna hiyo, na beringi zilikuwa juu kwenye orodha yake.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani kidogo. Katika shule ya jeshi la anga kule Alabama, miaka ya 1930, walimu walipenda kuusimulia mfano wa mafuriko ya Pittsburgh. Maji yalifunga kiwanda kidogo kilichotengeneza springi za kurekebisha mapanga (propela) ya ndege, na kwa ajili ya springi hizo utengenezaji wa ndege nchini Marekani ukakwama. Sasa ukiusikia mfano huo ukiwa kijana wa jeshi, lazima utaanza kutafuta springi ya adui iko wapi.

Waingereza walikuwa na yao ya kusimulia. Machi 1941 ndege za Wajerumani zilikipiga kiwanda cha beringi cha Ransome & Marles katika mji wa Newark, zikaua watu 41. Kiwanda kiliinuka tena. Ningekuwa mimi mmoja wa wale wachumi ningepanda treni kwenda Newark kumuuliza msimamizi wa karakana maswali mawili matatu: mashine ngapi zilikufa kabisa, na zilizobaki ziliwashwa tena baada ya muda gani.

Pamoja na hayo, mkuu wa ndege za mabomu za Uingereza, Arthur Harris, hakutaka hata kusikia. Yeye aliamini katika kupiga miji usiku, mji mzima, na mwishoni mwa Julai 1943 alikuwa ameichoma Hamburg kwa moto ulioua watu zaidi ya 30,000. Habari ya kifaa kimoja cha kumaliza vita aliiona kama sisi tunavyoviona vile vibao vya waganga barabarani vinavyoandika kwamba mtu mmoja anatibu kisukari, kesi na mapenzi. Namwona alikuwa mtu mgumu asiye na huruma, lakini katika hili la beringi shaka yake haikuwa ya kipuuzi.

Basi kazi ikawa ya Wamarekani, na wao walipiga mchana. Jeshi lao la Nane la Anga lilikuwa mashariki mwa Uingereza, likitumia B-17, ndege ya injini nne na watu kumi ndani, iliyojaa bunduki za rashasha pande zote hata wakaipa jina la ngome inayoruka. Imani yao ilikuwa kwamba ndege nyingi zikiruka zimepangana kwa karibu, kila moja ikiilinda jirani yake, zitafika popote bila kusindikizwa.

Tarehe 17 Agosti 1943 ndipo imani hiyo ilipopelekwa sokoni. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Kundi la kwanza, ndege 146 chini ya Curtis LeMay, lingekwenda Regensburg kupiga kiwanda cha ndege za kivita cha Messerschmitt, kisha lisirudi Uingereza bali livuke milima ya Alps na bahari mpaka Algeria. Ndege za kivita za Wajerumani zingelikimbilia kundi hilo. Kundi la pili, ndege 230, lingeingia nyuma yake kwa tofauti ya dakika chache tu na kwenda Schweinfurt, wakati Wajerumani wako chini wanajaza mafuta.

Asubuhi ile ukungu ulifunika viwanja vya Uingereza. Vijana wa LeMay walikuwa wamefundishwa kupaa bila kuona mbele, na tena wasingeweza kungoja sana kwa sababu ilibidi wafike Afrika kabla ya giza. Wakaondoka. Kundi la Schweinfurt likabaki chini kwa saa kadhaa. Zile dakika chache zilizokuwa msingi wa mpango wote zikawa saa, na Wajerumani wakapata nafasi ya kupigana na kundi la kwanza, kutua, kujaza mafuta na risasi, kula, na kulingojea la pili. Kuna mtu alitakiwa aseme tuahirishe. Hakuna aliyesema, au aliyesema hakusikilizwa. Nimeona makosa ya namna hiyo kwenye kazi za kawaida kabisa: sharti la mpango limekufa lakini mpango unaendelea kwa sababu watu wameshavaa nguo za kazi.

Ndege za kusindikiza, P-47, zilikuwa na mafuta ya kufika mpakani mwa Ujerumani tu. Zikageuka. Kuanzia hapo B-17 zilipigwa kwenda na kupigwa kurudi. Jioni zilihesabiwa ndege 60 zilizopotea: 24 za Regensburg na 36 za Schweinfurt.

Nimejaribu kuwaza ndani ya ndege ile kulikuwaje. Mita 7,000 juu, madirisha ya ubavuni wazi kwa ajili ya bunduki, baridi digrii 40 chini ya sifuri na zaidi. Mafuta ya bunduki yanaganda, kwa hiyo unayafuta mpaka chuma kinabaki kikavu, jambo ambalo fundi yeyote anaumia moyo kulisikia. Ukivua glavu kushika chuma, ngozi inabaki kwenye chuma. Unavuta hewa kwa mpira, unavaa suti yenye nyaya za umeme za kukupasha joto, na waya ukikatika unapata jeraha la baridi kabla ya jeraha la risasi. Mmoja wenu amejikunja ndani ya kibanda cha mviringo chini ya tumbo la ndege, kinachozunguka pamoja naye na bunduki zake. Na haya yote kwa vijana wa miaka 20, 22. Walikuwa wanatakiwa kumaliza safari 25 ndipo warudishwe kwao.

Wapiga rashasha hao waliporudi walidai wameangusha ndege za adui kwa mamia. Hawakuwa waongo. Ndege moja ikipasuka mbele ya bunduki ishirini, kila bunduki inajihesabia yake. Wajerumani walizopoteza kwa kweli zilikuwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, lakini makao makuu yalipenda kuiamini ile kubwa.

Kwa viwanda, pigo la Agosti halikuwa dogo. Albert Speer, waziri wa Hitler wa silaha, aliandika baadaye kwamba utengenezaji wa beringi pale ulishuka kwa asilimia 38. Alichokiogopa zaidi ni kwamba wangerudi wiki inayofuata, na inayofuata tena, na siku hizohizo wakavipiga pia viwanda vingine vya beringi: Cannstatt mjini Stuttgart, Erkner jirani na Berlin, Steyr kule Austria. Kwa maneno yake, hali hiyo ikiendelea miezi michache silaha zingesimama kutengenezwa.

Hawakurudi wiki iliyofuata. Ungerudi na nini? Walikaa karibu miezi miwili wakijaza nafasi za ndege na watu.

Walirudi tarehe 14 Oktoba, siku ya Alhamisi ambayo mpaka leo wanaiita Alhamisi Nyeusi. Zilitumwa B-17 zipatazo 291. P-47 zikageuka tena karibu na Aachen, na Wajerumani walikuwa wamejifunza. Ndege zao za injini mbili zilikaa mbali, mahali ambapo rashasha hazifiki, zikirusha roketi kutawanya ule mpangilio. Ndege iliyoachwa peke yake ikashukiwa na zile ndogo. Kundi moja, la 305, lilipoteza ndege 13. Jumla hazikurudi 60, na nyingine kadhaa zilifika Uingereza zikiwa chuma chakavu. Watu kama 600 hawakuwepo kwenye chakula cha jioni, wengine wamekufa, wengine wametekwa.

Piga hesabu mwenyewe: 60 kati ya 291 ni zaidi ya moja kati ya tano, kwa safari moja, na wewe unadaiwa 25.

Mabomu ya Oktoba yalilengwa vizuri kuliko ya Agosti. Speer alitaja hasara ya asilimia 67. Kwenye picha zilizopigwa kutoka angani mapaa yalikuwa yameanguka na moshi unafuka kila mahali. Makamanda waliangalia zile picha wakaona kiwanda kimekwisha.

Hapa ndipo mimi kama fundi ninapotaka tukae kidogo.

Paa si kiwanda. Mashine ya kukereza au ya kusaga gololi ni pande la chuma cha kumimina lililofungwa kwenye sakafu ya zege. Bomu la ratili 500, kama kilo 227, likipasuka kwenye paa linashusha vigae, mabati na mbao juu ya mashine. Kwenye picha huoni kitu ila kifusi. Ukija na sepetu na kufukua, chini ya kifusi mashine ipo, ina vumbi, mkanda umekatika, nyaya zimeungua. Safisha, badilisha mkanda, vuta waya mpya, tandika turubai juu, washa. Wamarekani wenyewe baada ya vita walituma wataalamu kuchunguza, na waliona jambo hilo: majengo yaliharibika vibaya sana, mashine zilizokufa kabisa zilikuwa chache. Kilichoua mashine nyingi zaidi kilikuwa moto, hasa pale ambapo mafuta ya kupozea na kulainishia yalikuwa yamelowa sakafuni. Anayefanya kazi kwenye karakana ambayo sakafu yake inateleza ajue hilo.

La pili ni stoo. Mchumi akihesabu anaangalia kiwanda kinatoa beringi ngapi kwa mwezi, basi. Haangalii ngapi zimelala kwenye rafu. Nionyeshe msimamizi wa karakana mwenye akili asiyeficha beringi. Mimi mwenyewe chini ya meza yangu kuna boksi ambalo hata mhasibu, enzi zile nikiajiriwa, hakuwahi kuliona. Wajerumani walikuwa hivyohivyo, viwanda vyao vilikuwa vimejiwekea akiba kwa siri kila kimoja kivyake. Speer akamteua mtu mmoja, Philipp Kessler, awe msimamizi wa beringi nchi nzima. Kazi yake ikawa kuzisaka hizo akiba na kuzigawa. Speer anasimulia kwamba zilifika siku beringi zilizotoka kiwandani ziliondoka zimebebwa migongoni kwenye mabegi, kupelekwa moja kwa moja mahali zinapongojwa.

La tatu, na hili ndilo ninalolipenda, ni bushi, yaani kipande cha bomba kisicho na gololi ambamo shafti inazunguka kwa kuteleza. Si kila mahali penye beringi panahitaji beringi. Pengi iliwekwa kwa sababu ipo na ni nzuri. Wakanyimwa, wakakaa chini na michoro yao wakauliza: hapa pakiwekwa bushi ya kawaida yenye mafuta, kitu kitakufa? Mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Kitazunguka kwa ugumu kidogo, kitakula mafuta, kitaisha mapema, lakini kifaru chenyewe hakitaishi muda mrefu kiasi cha bushi kuisha. Wakapunguza beringi kwenye vifaa vingi namna hiyo. Mafundi wa huku tumefanya kitu hichohicho miaka ya 1980, spea zilipokuwa hazionekani nchini: tulikereza bushi za shaba, hata za mti mgumu, na mashine zikasaga.

La nne, walihama. Mashine zilitawanywa kwenye miji na vijiji vingine, ili atakayekuja asipate tena pa kupigia pamoja. Februari 1944 Schweinfurt ilipopigwa kwa nguvu zaidi, Wamarekani mchana wa tarehe 24 na Waingereza usiku huohuo kwa ndege 734 (Harris alikuwa ameamriwa sasa), sehemu nzuri ya mitambo ilikuwa imeshaondoka. Ripoti ya uchunguzi ya Wamarekani baada ya vita ilikuwa na uamuzi mkavu: haukuonekana ushahidi kwamba kupigwa kwa beringi kulipunguza kwa kiasi cha kupimika silaha zozote muhimu.

Hata hivyo siwezi kusema wachumi walikosea kuchagua. Speer alikuwa upande wa pili na aliogopa kwa dhati. Kilichokosekana ni kurudia. Na hawakuweza kurudia kwa sababu walikwenda bila ndege za kusindikiza, jambo lililopatiwa dawa mwishoni mwa mwaka huo, P-51 zilipofika zikiwa na matangi ya ziada, zikaweza kwenda mpaka Berlin na kurudi.

Kuna mtu mwingine katika habari hii ambaye hatajwi sana, na huyo ni Mswidi. Sweden haikuwa vitani, na SKF ya Gothenburg iliuza beringi kwa pande zote mbili. Wakati vijana wale wanakufa juu ya Schweinfurt, Ujerumani ilikuwa inapokea beringi kutoka Sweden na Uswisi. Uingereza nayo ilizitaka sana, ila bahari ilikuwa imefungwa na Wajerumani. Wakatumia ndege ndogo za mbao, Mosquito, zenye injini mbili na kasi kubwa, zikisafiri usiku kutoka Scotland mpaka Stockholm na marubani wa shirika la abiria, kurudi zimejaa beringi. Wakatumia pia mashua ziendazo kasi chini ya George Binney, zenye majina kama Gay Viking na Hopewell, zikipenya usiku kutoka Lysekil kwenda Hull.

Oktoba 1943, mwezi uleule wa Alhamisi Nyeusi, Mosquito moja ilibeba mzigo wa namna nyingine kwenye chumba cha mabomu: Niels Bohr, mwanafizikia wa Denmark aliyekuwa anakimbia Wanazi. Kofia aliyopewa ilikuwa ndogo kwa kichwa chake, visikizio havikufika masikioni, hakumsikia rubani akimwambia afungue hewa ya oksijeni. Akazimia. Rubani alipoona haitikiwi akashusha ndege karibu na bahari, na mzee akafika Scotland mzima. Huwa nafikiri: mtu aliyeijua atomi kuliko karibu wote duniani alisafirishwa mahali pa kuwekea gololi.

Mwaka 1944 Wamarekani walimtuma mfanyabiashara Stanton Griffis kwenda kuongea na SKF wapunguze mauzo kwa Ujerumani, kwa fedha na kwa vitisho vya kistaarabu. Walikubaliana. Mimi ningeanza na hilo. Lakini mwaka 1943, ushindi ukiwa haujaonekana, pengine Waswidi wasingekubali.

Na waliokuwa chini? Schweinfurt ilipigwa mara nyingi mpaka vita inaisha, na waliokufa pale walizidi 1,000. Baadhi yao hawakuwa Wajerumani. Walikuwa watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa, wakafanyishwa kazi kwenye viwanda hivyo. Mwanamke aliyenyakuliwa kwao Ukraine, akasimamishwa mbele ya mashine ya kukagua gololi, halafu likamwangukia bomu la watu waliokuja kumkomboa: hapo mimi sina la kuongeza. Kikosi cha 42 cha Marekani kiliuteka mji Aprili 1945.

Juzi nilikuwa namsimulia kijana wangu wa karakana haya huku tunapasha beringi kwenye mafuta ili iingie kwenye shafti. Alisikiliza, kisha akauliza, "Sasa Fundi, si wangepiga mafuta?"

Walipiga. Kuanzia tarehe 12 Mei 1944 walivigeukia viwanda vya Wajerumani vya kutengeneza petroli kwa makaa ya mawe, Leuna na vingine, na safari hii walirudia na kurudia kila vilipotengenezwa, wakisindikizwa. Petroli ya ndege kutoka viwanda hivyo ilishuka kutoka tani 175,000 mwezi Aprili hadi 30,000 Julai, na 5,000 Septemba. Ndege za Wajerumani zikawa zinaendelea kutoka viwandani, mpya kabisa, na hakuna cha kuzirushia. Marubani wapya wakapunguziwa saa za mazoezi. Petroli huwezi kuifanyia bushi. Unaweza kuiweka akiba, ila akiba yake inahitaji matangi makubwa, na matangi yanaonekana kutoka juu.

"Na umeme je?"

Nikamwambia hata ile ripoti ya baada ya vita iliuliza hivyohivyo. Mitambo ya umeme ya Ujerumani ilikuwa imezidiwa tangu mwanzo wa vita, na transfoma na jenereta kubwa zinachukua muda mrefu sana kutengenezwa. Ripoti ikaona kwamba ingepigwa kwa makusudi, viwanda vingi vingezimika kwa pamoja. Lakini waliopanga waliiacha chini kwenye orodha, kwa kuamini kwamba gridi imeunganishwa vizuri mno, ukikata hapa watavuta kutoka kule.

Kijana akaichomoa beringi kwenye mafuta kwa koleo, akaitazama. "Hao wachumi," akasema, "hawajawahi kukatiwa umeme."